Sataranji haina sare tasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu namna kurasa za michezo zinavyoandika matokeo ya sataranji. Mmoja akishinda, msomaji hupewa angalau sentensi mbili tatu. Asipopatikana mshindi, huandikwa "walitoka sare tasa" na habari inakatika hapo. Maneno hayo yameazimwa kutoka uwanja wa mpira, ambako yana maana yake: nyavu hazikutikiswa. Kwenye ubao wa miraba 64 hayana pa kukaa. Zipo sare zilizopikwa nyumbani kabla wachezaji hawajaketi, na zipo zilizopatikana baada ya saa saba za kutoana jasho. Zote mbili huandikwa ½–½. Msomaji ana haki ya kujua ameletewa ipi, na hilo haliwezekani bila kutaja ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo.

Nianze na ile iliyopikwa, maana ndiyo inayozipaka matope nyingine zote. Naandika hatua kwa herufi zinazotumika kimataifa: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Safu za ubao huitwa a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na mistari 1 hadi 8 kuanzia upande wake. X ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), na 0-0 ni mfalme kwenda ngomeni upande mfupi, yaani anaruka miraba miwili kuelekea ngome yake, nayo ngome inahamia upande wake wa pili.

1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bb5 Nf6 4. 0-0 Nxe4 5. d4 Nd6 6. dxe5 Nxb5 7. a4 Nbd4 8. Nxd4 d5 9. exd6 Nxd4 10. Qxd4 Qxd6 11. Qe4+ Qe6 12. Qd4 Qd6 13. Qe4+ Qe6 14. Qd4 Qd6, sare.

Huu ni Ufunguzi wa Kihispania, na hatua ya tatu ya Mweusi (farasi f6) ndiyo inayoitwa Kinga ya Berlin. Hatua zote 14 zinajulikana kwa moyo na wachezaji wakubwa, na mchezo mzima unaweza kuisha kahawa haijapoa. Msomaji akiupanga ubao baada ya hatua ya 10 ataona jinsi mizani ilivyokaa. Kila upande una askari sita, malkia na ngome mbili. Mweupe amebaki na askofu mmoja na farasi mmoja, Mweusi na maaskofu wawili. Kwenye ubao ulio wazi namna hii maaskofu wawili ni mali, lakini mfalme wa Mweusi bado yuko katikati kwenye e8, na wa Mweupe amekwisha kujificha. Malkia wa Mweupe aliyeko d4 anamkodolea macho askari wa g7, na Mweusi akimwondoa malkia wake d6, askofu wa f8 hawezi kutoka bila askari huyo kuliwa. Mweusi anapendekeza wabadilishane malkia, Mweupe anakwepa kwa cheki, malkia anazuia, Mweupe anarudi. Hali ileile inatokea mara tatu na mikono inapeanwa.

Nani wa kulaumiwa? Watazamaji wengi humnyooshea kidole Mweusi, kwa kuwa ufunguzi una jina la "kinga". Wanakosea mtu. Ni Mweupe aliyechagua dxe5 kwenye hatua ya sita, akijua njia hiyo inaishia wapi. Angeweza kucheza 4. d3 na kuacha kete zote ubaoni, au 5. Re1, inayoleta hali tulivu yenye kazi nyingi bado mbele. Angeweza pia kucheza 6. Bxc6, na hapo tungeingia kwenye jambo lingine kabisa. Kwa hiyo mwandishi akiona Berlin imekwisha kwa hatua 14, aandike wazi kwamba Mweupe hakutaka kucheza siku hiyo. Huenda alikuwa na sababu nzuri: anaongoza mashindano, au amebakiza raundi moja tu, na sare yenye nusu pointi inamtosha. Basi sababu hiyo ndiyo habari.

Sasa hiyo njia nyingine. Baada ya 6. Bxc6 dxc6 7. dxe5 Nf5 8. Qxd8+ Kxd8, malkia wote wawili wametoka kwenye hatua ya nane tu. Mfalme wa Mweusi hawezi tena kwenda ngomeni. Askari wake wawili wamepandana kwenye safu ya c. Upande wa mfalme Mweupe ana askari wanne (e, f, g, h) dhidi ya watatu. Ondoa kete zote, bakiza wafalme na askari, na kwa kawaida Mweupe anashinda: wanne wake watazaa askari aliye huru kupita, lakini wanne wa Mweusi upande wa pili, wakiwa na wale waliopandana, hawawezi kuzaa wa kwao kwa nguvu. Kwa macho ya kawaida Mweusi anaonekana kajitia kitanzi.

Hajajitia. Mweupe amempoteza askofu wake wa miraba myeupe, na Mweusi anao wote wawili. Askari wa e5 amesonga mbele kiasi cha kumzibia njia askofu wa c1, na nyuma yake ameacha miraba myeupe ya e6 na f5 iwe makazi ya kete za Mweusi. Mweusi hana udhaifu ulio rahisi kushambuliwa: askari waliopandana wanalinda b5 na d5 ili farasi wa Mweupe wasipate pa kutua. Bila malkia, mfalme wa katikati hatishiki sana. Ndiyo maana wachezaji huiita hali hii Ukuta wa Berlin.

Mwaka 2000 mjini London, Vladimir Kramnik aliutumia ukuta huu dhidi ya Garry Kasparov, aliyekuwa ameshikilia taji la dunia tangu 1985. Uliwekwa katika mchezo wa 1, wa 3, wa 9 na wa 13, na yote minne ilikwisha sare. Kasparov, mtu aliyekuwa akiwavunja wapinzani kwa kete nyeupe, hakushinda hata mchezo mmoja katika yote 15. Kramnik alishinda miwili, 13 ikawa sare, na matokeo yakawa 8½–6½. Gazeti ambalo lingeandika "sare tasa" mara 13 lingelazimika kumweleza msomaji wake mwishoni kwamba bingwa ameanguka, na lisingeweza kusema aliangukaje.

Wanaojifunza ufunguzi huu wakidhani ni godoro la kulalia hupoteza mara nyingi, na makosa yao yanafanana. La kwanza ni kusahau h7–h5. Mweupe akipata h3 na g4 bila kuzuiwa, farasi wa f5 anafukuzwa, anarudi e7, huko anamziba askofu wa f8, na nyuma yake wanakuja f4 na f5 kama maji ya mafuriko. La pili ni kumwacha mfalme asijue kwao. Ama anakwenda e8, ama askofu anatoka d7 na mfalme anaelekea c8. Njia zote mbili zinafaa. Kuanza moja na kuhamia nyingine ni kumpa mpinzani hatua mbili za bure. Anayechagua e8 akumbuke kwamba ngome ya h8 imefungiwa, na mara nyingi njia yake ya kutokea ni kupitia safu hiyohiyo ya h baada ya h5, ikipanda hadi h6.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, na halihusu Berlin peke yake: imani kwamba kila mabadilishano ya kete yanaisogeza sare karibu. Hapa kila mabadilishano yanamsogeza Mweusi kwenye ule mwisho wa wafalme na askari ambao Mweupe anautafuta tangu hatua ya nane. Mweusi anayejua kazi yake huchagua. Akimtoa askofu wake wa miraba myeusi kwa farasi mmoja, na farasi waliobaki wakalana, kila upande unabaki na askofu wa rangi tofauti na mwenzake. Hapo hata askari mmoja wa ziada mara nyingi hatoshi, maana askofu wa Mweusi anatawala miraba ambayo yule wa Mweupe hawezi kuigusa maisha yake yote. Mweupe naye ana kosa lake, la kusukuma e5–e6 kwa pupa. Akifanya hivyo kabla kete zake hazijawa tayari, anawafungulia maaskofu wa Mweusi mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe.

Imani hiyohiyo ya mabadilishano inawaangusha wengi katika Kinga ya Kifaransa ya kubadilishana: 1. e4 e6 2. d4 d5 3. exd5 exd5. Askari wamepangika sawasawa pande zote, safu ya e pekee iko wazi, na anayemwogopa mpinzani wake huiona kama mkataba wa amani. Kisha anaanza kusubiri. Mpinzani anaikamata safu ya e kwa ngome mbili, na huyu anayesubiri anagundua karibu na hatua ya 25 kwamba mpangilio ulio sawa haumzuii mtu kuchelewa.

Mara nyingi sare hupatikana mwishoni kwa ujuzi. Mfano ambao kila mwandishi wa michezo angefaa kuutambua ni wa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18: Mweupe ana ngome na askari mmoja, Mweusi ana ngome tu, na mfalme wake yuko mbele ya askari huyo. Mweusi anaiweka ngome yake kwenye mstari wa sita ili mfalme mweupe asivuke, anasubiri, na askari akikanyaga mstari wa sita ngome inashuka mara moja hadi mstari wa kwanza na kuanza kumpa mfalme cheki kutoka nyuma. Mfalme hana tena pa kujificha, kwa kuwa askari aliyekuwa atamkinga amekwisha kusonga. Ngome ikishuka mapema, mfalme bado ana kivuli. Mwandishi anayeyajua haya ataweza kuandika "aliokoa nusu pointi kwa Philidor", maneno matano yenye uzito kuliko aya nzima.

Kuna pia sheria, na humo magazeti hukosea zaidi. Kanuni ya kurudiwa mara tatu inahusu hali ya ubao, haihusu hatua, na hali hizo si lazima zifuatane. Lazima kete ziwe palepale, zamu iwe ya mchezaji yuleyule, na haki za kwenda ngomeni na za kula njiani (askari kumla askari wa jirani aliyeruka miraba miwili, kana kwamba alisogea mmoja) ziwe zilezile. Rudi kwenye zile hatua 14: mfalme wa Mweusi hakuguswa hata mara moja, kila cheki ilizuiwa na malkia. Angesogea d8 kisha akarudi e8, haki yake ya kwenda ngomeni ingekufa, na hali iliyotokea mwanzo isingehesabiwa pamoja na zile za baadaye. (Ile 9. exd6 ni kula njiani, kwa anayejiuliza askari wa d5 alitowekaje.)

Kudai nako kuna utaratibu. Mchezaji anaandika hatua anayokusudia kwenye karatasi yake, haichezi ubaoni, anasimamisha saa, anamwita mwamuzi na kumwambia kwamba hatua hiyo italeta hali kwa mara ya tatu. Akiisha kugusa kete kwa nia ya kuicheza, haki ya kudai imempita kwa zamu hiyo. Dai likiwa la uongo, mpinzani anaongezewa dakika mbili, na hatua iliyoandikwa lazima ichezwe. Kanuni ya hatua 50 bila askari kusogezwa na bila kete kuliwa inadaiwa vivyo hivyo. Tangu 2014 sheria za Shirikisho la Kimataifa, FIDE, zimemwongezea mwamuzi meno: hali ikijirudia mara tano, au zikipita hatua 75, anausimamisha mchezo mwenyewe bila kuombwa, isipokuwa kama hatua ya mwisho ni chekimeti. Pendekezo la sare baina ya wachezaji hutolewa baada ya kucheza hatua na kabla ya kubonyeza saa, na wote wawili wanaweka alama ya (=) kwenye karatasi. Ile inayoitwa "sare ya cheki za milele" haimo kwenye vitabu vya sheria kama kanuni inayojitegemea. Ni njia tu ya kufikia mojawapo ya hizo nilizotaja.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Kilio hicho kina msingi. Huko Curaçao mwaka 1962, katika mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, Petrosian, Keres na Geller walitoka sare katika michezo yao yote 12 waliyokutana wao kwa wao, na baada ya hapo FIDE ikayafuta mashindano ya aina ile kwa wagombea, ikaweka pambano la mtu na mtu. Moscow nako, Karpov na Kasparov walianza pambano la ubingwa wa dunia Septemba 1984 kwa kanuni ya kutafuta ushindi mara sita. Hadi Februari 1985 walikuwa wamecheza michezo 48, sare 40, na pambano likavunjwa bila mshindi. Mwaka 2005 mashindano ya Sofia yalikataza wachezaji kupeana mapendekezo ya sare wao kwa wao. Kanuni hiyo imeigwa kwingi na imesaidia, lakini ile Berlin ya hatua 14 inaipita kama sindano kwenye kitambaa, kwa sababu hakuna anayependekeza chochote: hali inajirudia na sheria inachukua mkondo wake. Bilbao, kuanzia 2008, walitoa pointi tatu kwa ushindi na moja kwa sare. Kwa maoni yangu mfumo huo unamwadhibu mtetezi aliyehenyeka saa sita sawa na wavivu wa robo saa. Norway Chess tangu 2019 wanacheza mchezo wa haraka wa kuamua baada ya kila sare, ambamo Mweusi ana muda mfupi zaidi lakini sare inamtosha kushinda. Yaani ukuta wa Kramnik umepandishwa bei.

Tena si kweli kwamba katika sare hakuna anayepata kitu. Kwa hesabu ya Elo, inayopima nguvu za wachezaji kwa alama, mchezaji aliyezidiwa alama 200 anatarajiwa kupata 0.24 ya pointi. Akitoka sare anapata 0.5. Tofauti ya 0.26 ikizidishwa kwa 20, kizidishio cha wachezaji wengi walio chini ya 2400, inampa alama 5.2, na mpinzani mwenye kizidishio hichohicho anapoteza 5.2. Gazeti linaandika "hakuna mbabe" huku mmoja akirudi hotelini kifua mbele na mwingine akitafuta pa kuficha uso.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Palipo na ½–½, chapisheni majina ukianza na wa kete nyeupe, ufunguzi, idadi ya hatua, na sare ilipatikana vipi: kwa makubaliano, kwa kurudia, kwa mkwamo (mwenye zamu hana hatua halali wala hayuko kwenye cheki), kwa hatua 50, au kwa kete zisizotosha kumaliza mchezo. Ni mstari mmoja. Nafasi ikibaki, ongezeni sentensi ya nani alikuwa anaelekea kushinda. Pambano la ubingwa la London mwaka 2018 lilikuwa na michezo 12 ya muda mrefu, yote sare, kabla Carlsen hajashinda 3–0 katika ile ya haraka. Mchezo wake wa kwanza ungeandikwa hivi:

Caruana–Carlsen ½–½, Kinga ya Kisisilia yenye 3. Bb5, hatua 115. Carlsen mwenye kete nyeusi aliuacha ushindi kabla ya hatua ya 40, akaendelea kukaza kwa takriban saa saba. Caruana akajilinda, ngome dhidi ya ngome, hadi mwisho.

Msomaji wako,
Mpenzi wa sataranji